Jino la Msamaha

Ni nani aliyesamehe? Vasiti Nakalevu, mkaguzi wa malalamiko, alikuwa akijiuliza swali hilo tangu saa mbili asubuhi, na hadi saa tatu hakuwa na jibu. Alichokuwa nacho ni hasira.

Mbele yake, juu ya meza ya Kitengo cha Malalamiko cha Baraza la Visiwa, lilikuwapo faili lenye jalada la buluu: Jaji Temalesi Haukinima dhidi ya Serikali ya Matakele. Wiki saba zilizopita jaji huyo alibatilisha amri ya rais wa Matakele ya kuahirisha uchaguzi kwa mara ya tatu. Kesho yake askari walimtoa mahakamani akiwa bado amevaa joho, wakamtia ndani, na mpaka asubuhi hii hakuna aliyemsomea shtaka. Matakele, sawa na wanachama wenzake kumi na watatu, ilikuwa imetia saini Misingi ya Pamoja: uchaguzi ufanyike kwa wakati, mahakama iwe huru, mtu asifungwe bila shtaka. Ilikuwa imeivunja yote mitatu kwa mkupuo mmoja. Chombo pekee kilichoweza kuisimamisha uanachama na kudai jaji aachiwe ni Kamati ya Mawaziri, na Kamati ingekutana kesho saa nne asubuhi, hapa hapa Suva. Ajenda yake ingefungwa leo saa kumi jioni. Baada ya hapo kikao kingine ni mwaka ujao.

Shauri la jaji halikuwamo katika ajenda. Juu ya jalada ulikuwa umegongwa muhuri mwekundu: LIMESULUHISHWA.

Vasiti aliisoma tena ripoti iliyoambatishwa. Ilieleza kwamba tarehe nne ujumbe wa serikali ya Matakele uliwasili Suva ukiwa na tabua, jino la nyangumi, lililotoka katika nyumba ya ukoo wa rais. Kwamba jino hilo alikabidhiwa kaka wa jaji, Semisi Haukinima, mbele ya mashahidi, kama ombi la radhi. Kwamba alilipokea kwa niaba ya familia, kisha akaliacha Baraza lilitunze. Halafu kikanukuliwa Kifungu cha Saba: upande uliokosewa ukiisha kupokea radhi kwa mila, shauri limekwisha wala halitafunguliwa. Ukurasa wa pili ulikuwa na saini mbili tu. Moja ya Semisi. Nyingine ya Naibu Katibu Mkuu, Viliami Taukolo.

Hakuwa na ugomvi na Kifungu cha Saba. Alizaliwa kisiwani Kadavu, na kabla ya kuja Baraza alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amewaona wanaume waliotaka kuuana wakilia bega kwa bega baada ya jino kutoka mikono hii na kuingia mikono ile. Anayelipokea amesamehe, na kuanzia hapo hata watoto wake hawaruhusiwi kulitaja kosa. Lakini katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona radhi ikipokelewa ilhali aliyekosewa angali selini.

Alinyanyua simu, akamwita kaka wa jaji.

Semisi alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli, Walu Bay. Alifika baada ya nusu saa, ovaroli imelowa mvua, mikono ina makovu ya cheche. Vasiti hakumkaribisha kiti. Alimsukumia ukurasa wa pili.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu, dada."

"Basi umemuuza dada yako. Walikupa nini?"

Semisi aliitazama karatasi, kisha akamtazama yeye, kama mtu aliyepigwa kofi kanisani. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba siku hiyo alipigiwa simu kutoka ofisi ya Naibu, akaambiwa wageni kutoka nyumbani wangependa kuzungumza habari za Temalesi. Akavaa shati safi, akaja. Alikuta bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi cha sherehe, limeshawekwa katikati ya ukumbi na watu wamekaa kwenye mikeka. Akaketishwa mlangoni, nyuma ya madereva. Vikombe vikazunguka. Karatasi ikazunguka. Jina la dada yake halikutajwa hata mara moja. Na alipojaribu kusimama aulize, afisa mmoja wa itifaki alimgusa bega, akamwambia asubiri wakubwa wamalize.

"Karatasi ipi ilizunguka?"

"Ya mahudhurio. Kila mtu alisaini, hata madereva. Mimi nilikuwa wa mwisho, peke yangu kwenye ukurasa wa pili."

Maneno kama hayo Vasiti aliyasikia mara nyingi katika vyumba vya mahojiano, kutoka kwa watu waliouza mambo makubwa kuliko saini. Alivuta ukurasa, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Hapo ndipo alipokiona kilichompita asubuhi nzima: kushoto kwa saini ya Semisi, kwa wino uliofifia, ilikuwapo tarakimu 23. Kando ya saini ya Naibu hapakuwa na tarakimu. Alichukua karatasi tupu akailaza juu yake. Ukurasa wa pili ulipungua kwa upana wa vidole viwili upande wa juu, pale ambapo kichwa cha orodha ya mahudhurio kingekuwapo, na ukingo wake ulikuwa umekatwa kwa mkasi, kwa uangalifu, ila si kwa mstari mnyoofu.

Mtu anayesaini msamaha wa familia yake hapewi namba ya ishirini na tatu.

"Kaa," alisema. Akaongeza, "Nimekukosea. Nisamehe."

Semisi aliketi. Hakuonekana kutaka radhi yake. Alisema jino lilikuwapo kweli; mzee mmoja wa ujumbe alilitoa, ila aliyelipokea, akalinusa na kupigiwa makofi kama mila inavyotaka, ni Naibu mwenyewe. Yeye hakulisogelea. Kisha akauliza swali ambalo Vasiti alipaswa kuwa amejiuliza kabla ya kufungua mdomo wake kumtukana.

"Na kama mimi ndiye niliyesamehe, dada, jino langu liko wapi?"

Jino lilikuwa ghorofa ya chini, katika kabati la kioo, chini ya ulinzi wa Eparama, mtunza kumbukumbu. Vijiji vyao viwili, cha Eparama na cha Vasiti, ni watani tangu mababu, na miaka sita ya kufanya kazi jengo moja haikuwahi kumpitisha Vasiti mlango ule bila kuchokozwa.

"Kadavu leo mmekosa samaki mpaka mnakuja kutafuna meno?" alisema Eparama alipoelezwa anachotaka.

"Fungua kabati, mtani. Nyinyi mkiachiwa jino usiku mmoja mnauliza lipikwe na nini."

Eparama alifungua huku akicheka, akalifunua mezani daftari la zawadi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama wa mwalimu wa zamani. Tarehe nne, saa kumi na robo jioni. Kutoka: ujumbe wa Matakele. Kwa: Baraza. Sababu: salamu za wageni. Jino moja, kubwa, lina ufa mdogo nchani. Pembeni yake ilikuwapo saini ya aliyelikabidhi kabatini. Viliami Taukolo.

Kwa hiyo Naibu alikuwa ametia saini mara mbili juu ya jino lile lile. Ghorofa ya juu lilikuwa radhi kwa familia ya Haukinima. Ghorofa ya chini lilikuwa salamu kwa Baraza.

Hilo peke yake halikutosha, na Vasiti alijua halitoshi. Naibu angeweza kusema mtunza kumbukumbu alikosea sababu, naye akasaini bila kusoma. Mashahidi ishirini na wawili wangeapa, tena kwa ukweli, kwamba jino lilitolewa. Alilishika mikononi. Lilikuwa zito, la rangi ya chai iliyokolea, rangi ambayo jino hupata kwa kuning'inia miaka mingi juu ya moshi na kupakwa mafuta. Kamba yake ya makumbi ya nazi, kinyume chake, ilikuwa nyeupe na ngumu, haijashikwa na mikono ya watu watano.

"Jino la ukoo wa rais," alisema. "Kamba ya juzi."

Eparama aliacha kucheka.

"Kibali chake kiko wapi, mtani?"

Kila jino la nyangumi linalovuka mpaka wa nchi lazima liwe na kibali cha linakotoka na cha linakoingia. Mataifa yamekubaliana hivyo, na Eparama alikuwa na jalada zima la vibali, kila kimoja kimepangwa kwa tarehe. Cha jino hili hakikuwamo. Alikiri kwamba alikiuliza siku ile ile. Watu wa itifaki walimwambia kitaletwa, na yeye, akiwa karani wa ghorofa ya chini, hakuona vema kuwafuata wakubwa mara ya pili. Vasiti aliipigia simu idara inayotoa vibali, akataja cheo chake, akasubiri huku akisikia kurasa zikifunuliwa upande wa pili. Ofisa alirudi na jibu fupi. Mwaka huu hakuna jino hata moja lililoingia kutoka Matakele. Mwaka jana pia.

Basi jino lile halikuwahi kuvuka bahari.

Vasiti alisaini kulichukua, akalifunga kwa kitambaa, akatoka kwenye mvua. Suva ina maduka ya rehani mengi, na katika mengi kati ya hayo meno ya nyangumi huning'inia dirishani pamoja na gitaa na saa za mkono, kwa sababu wenye shida huweka rehani hata kile ambacho babu zao walikitumia kumaliza vita. Duka la kwanza hawakulijua jino hilo. Duka la pili walitaka kulinunua. La tatu, mtaa wa Cumming, lilikuwa la Dhirendra Lal, mzee mwembamba aliyekuwa akila roti nyuma ya kaunta. Vasiti alifunua kitambaa. Lal aliweka roti yake chini.

"Hili jino limerudi?" alisema. "Dada, mimi sirudishi pesa. Tangazo limebandikwa mlangoni, limeandikwa kwa lugha tatu."

"Sitaki pesa. Umelijuaje?"

Lal aligusa ufa kwa ukucha. Alisimulia kwamba ufa ule aliufanya mjukuu wake kwa kuliangusha, na kwamba yeye mwenyewe alifungua kamba ya zamani, maana mteja aliikataa. Alitaka nyeupe, ionekane ya heshima kwenye picha. Mzee alivuta droo, akapekua, akatoa kamba nyeusi iliyong'aa kwa mafuta, yenye fundo katikati pale ilipowahi kukatika. Vasiti aliiweka kwenye matundu ya jino. Alama zilizochimbwa na msuguano wa miaka zililingana nayo barabara.

"Nani alilinunua?"

"Jina lake lipo. Sheria inataka niandike, nami naandika. Mtu mkubwa. Gari lina bendera ndogo mbele, kama la harusi." Aligeuza daftari ili aone. "Nilimtania, nikamwuliza, mzee, unaenda kuposa? Akacheka. Akasema anaenda kuokoa familia."

Tarehe ilikuwa tatu, siku moja kabla ya ujumbe kufika. Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka, na Vasiti alilisoma mara tatu, kwa kuwa alikuwa ametarajia jina la dereva, au la ofisa wa itifaki, au la yeyote kutoka Matakele. Viliami Taukolo, Baraza la Visiwa.

Alimwomba Lal nakala ya ukurasa ule na ile kamba nyeusi. Mzee alitoa vyote viwili bila kuuliza, halafu, alipomtazama usoni, akamfungia roti moja kwenye karatasi akampa pia. Vasiti hakuila. Alitembea kwenye mvua kurudi Baraza, akilipanga jambo lote kichwani. Serikali ya Matakele haikuwa imeomba radhi. Haikuwa hata imejisumbua kuigiza kuomba radhi kwa mali yake. Chombo kilichoundwa kuwaambia wakubwa kwamba wamekosa ndicho kilichokwenda dukani, kikachagua jino, kikabadilisha kamba, kikampelekea mkosaji msamaha wake ukiwa tayari umefungwa vizuri.

Saa tisa na dakika ishirini aliingia ofisi ya Naibu Katibu Mkuu. Nyuma yake walikuwa Semisi na Eparama. Eparama alikumbatia daftari lake kifuani.

Taukolo alikuwa mtu wa adabu sana. Alisimama kuwapokea, akaamuru chai, akamwita Vasiti binti yangu. Alisikiliza habari ya namba ishirini na tatu bila kubadilika uso. Aliposikia habari ya daftari la zawadi, alisema kwa upole kwamba karani alikosea. Ndipo Vasiti alipoweka mezani jino, na kando yake kamba nyeusi, na juu ya kamba nakala ya daftari la Lal. Chai ikaletwa. Hakuna aliyeigusa.

"Funga mlango," Taukolo alimwambia Eparama.

"Uache wazi," alisema Vasiti.

Mlango ukabaki wazi. Naibu alianza kueleza, na alieleza vizuri, kwa maana alikuwa ameyaeleza hayo kwa miaka thelathini katika kumbi za nchi nyingi. Wakiisimamisha Matakele, itaondoka mezani. Ikishaondoka, hakuna atakayeweza kumpigia rais simu. Baraza hili ni nyumba, na ndani ya nyumba watu hawavuani nguo mbele ya majirani. Wanakaa, wanakunywa, wanasameheana, na taratibu mambo hurekebishika. Jaji angeachiwa kimya kimya, labda baada ya uchaguzi. Yeye aliwapa Matakele njia ya kushuka bila kuanguka. Alifanya hivyo kuiokoa familia.

"Familia ipi?" aliuliza Semisi.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie. Taukolo alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaona yupo.

"Yetu sote, kijana wangu."

"Mimi nina dada mmoja, mheshimiwa. Wiki saba anasubiri muiite familia yake. Mlinikalisha mlangoni."

Vasiti alimgeukia Naibu. Aliongea polepole, kama anayesoma maelezo ya mshitakiwa. "Mheshimiwa, nieleze jambo moja tu. Jino hili lilikuwa salamu, au lilikuwa radhi? Kama lilikuwa salamu, hakuna aliyesamehe, na shauri liko pale pale. Kama lilikuwa radhi, aliyeitoa ni wewe, kwa sababu ni wewe uliyelinunua. Matakele haijatoa kitu. Chagua lolote, yote mawili yanafungua faili."

 Taukolo alitabasamu, na lile tabasamu lilimkasirisha Vasiti kuliko yote aliyoyaona tangu asubuhi, maana lilikuwa la mtu anayejua kanuni kuliko haki.

"Mkaguzi, taarifa zako huletwa kwa nani?"

"Kwako."

"Basi iandike, uniletee. Nitaisoma wiki ijayo, kwa makini. Ajenda inafungwa saa kumi." Alitazama saa ya ukutani. "Kunyweni chai."

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na nane. Vasiti alimwomba Eparama fomu ya malalamiko mapya. Mtani wake alikuwa nayo tayari ndani ya daftari. Alikuwa ameitia humo tangu ghorofa ya chini bila kuambiwa. Akaiweka mezani katikati ya vikombe. Vasiti alijaza sehemu ya mlalamikiwa wa kwanza: Serikali ya Matakele. Kisha akateremka mstari mmoja, akaandika mlalamikiwa wa pili, akaugeuzia ukurasa upande wa Semisi.

Semisi aliisoma kutoka juu mpaka chini, kidole chake chenye makovu kikifuata kila neno. Alirudi juu, akaisoma tena. Taukolo alimwambia, kwa ule upole wake, kwamba afikirie vizuri hali ya dada yake ndani ya gereza lile. Semisi hakuinua uso.

"Safari hii nimesoma," alisema, akasaini.

Eparama alitoa mfukoni muhuri wa kupokelea malalamiko, akaupulizia pumzi kama afanyavyo siku zote, akaugonga. Saa tisa na dakika hamsini na moja. Tarehe ilitoka safi.

"Mmefanya nini?" aliuliza Taukolo. Sasa alikuwa amesimama, na hakumwita mtu yeyote binti wala kijana.

Vasiti alilifunga jino katika kitambaa pamoja na kamba yake ya zamani.

"Mlalamikiwa wa pili ni wewe, mheshimiwa," alisema. "Kanuni ya Kumi na Mbili: taarifa inayomtaja ofisa haipiti mikononi mwake, inakwenda moja kwa moja kwa mawaziri, na hii imegongwa muhuri kabla ya saa kumi. Jino hili silirudishi kabatini. Kesho saa nne nitaliweka mbele ya Kamati, nitawaambia ni nani alilinunua, wapi na siku gani, na Semisi atakaa mezani, si mlangoni. Nikimaliza, mnaweza kunifukuza kazi."